Maswali ya Namba Kumi na Saba

Wanachuo walimwita Bi Nukta, naye alijua. Hakulichukia jina hilo, maana alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifundisha hesabu za dawa katika chuo cha uuguzi, na hakikupita kipindi bila kugonga ubao kwa kidole na kusema kwamba nukta ikihamia kushoto mgonjwa haponi, ikihamia kulia mgonjwa haamki. Alisema hivyo kwa sauti kavu, bila tabasamu, na wanachuo wapya walikuwa wakiyaandika maneno hayo madaftarini kana kwamba nayo yatatoka kwenye mtihani.

Alipoanza kazi, darasa lilikuwa na watu ishirini na wawili. Aliweza kuzunguka meza kwa meza, akavuta kiti, akakaa ubavuni mwa mtu na kumtazama anavyofikiri. Sasa walikuwa tisini na sita katika chumba kilekile, wengine wakikalia viti vya plastiki walivyovibeba kutoka bwalo la chakula, wengine wakiandikia magotini. Alipomaliza kusahihisha daftari la mwisho, la kwanza alikuwa ameshalisahau. Kama si Baba Darasa, angekuwa ameshindwa siku nyingi.

Baba Darasa alikuwa mwanachuo, lakini mwanachuo wa miaka arobaini na mitatu. Alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka kumi na minne, akisukuma machela na kubadilisha mashuka, kabla hospitali haijampeleka kusoma. Vijana walimpenda, wakamchagua kiongozi wao bila hata kupiga kura. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Yeye ndiye aliyepanga viti, aliyebeba madaftari, aliyenyamazisha kelele za nyuma kwa kukohoa tu. Maksi zake zilikuwa za kati, si za kujivunia, si za kuficha. Bi Nukta alipokuwa akiitazama orodha ya darasa, jina lake alilipita haraka. Hakuwa na shaka naye.

Wazo la mashine lilitoka kwa wifi yake. Wifi huyu, dada wa mumewe, ndiye aliyesimamia chumba cha kompyuta hapo chuoni, na chuo kizima kilikuwa na mzaha mmoja juu yao: kwamba Bi Nukta hawezi kukosa mtandao kwa kuwa wifi yake ni ya ukoo. Wenyewe walikuwa wameuzoea mzaha huo, hata hawakugeuka waliposikia watu wakicheka. Walikuwa wakitaniana tangu siku ya harusi na hawakuwa na dalili ya kuacha.

Mchana mmoja, wifi alimkuta Bi Nukta ofisini ameinamia rundo la madaftari, akamwambia kuwa anajiua taratibu. Akamweleza kwamba akili mnemba zinazotumiwa na watu wote zinajua mambo mengi, lakini hazijui namna Bi Nukta anavyofundisha. Wangeweza kuchukua moja, wakaipa notisi zake, mitihani yake ya zamani na majedwali ya dozi ya chuo, kisha wakaielekeza jinsi ya kuzungumza. Wanachuo wangeiandikia kwenye simu kama wanavyoandikiana wao kwa wao, nayo ingewajibu saa yoyote bila kuchoka.

Bi Nukta alikataa kwa wiki nzima. Alisema hajasomea miaka yote hiyo ili aje kushindana na simu. Wiki ya pili alikuja chumba cha kompyuta na madaftari saba chini ya kwapa, akayabwaga mezani na kuuliza waanze wapi.

Walifanya kazi kila alasiri kwa karibu miezi mitatu. Bi Nukta alisoma kwa sauti, wifi akachapa, wakabishana juu ya kila kitu. Mashine ya kwanza ikawa tayari, wakaipeleka kwa wanachuo, na wiki iliyofuata mazoezi ya nyumbani yalikuja yote sahihi, madaftari tisini na sita bila kosa hata moja. Bi Nukta aliyafunga, akaingia darasani na kutoa jaribio la ghafla la maswali matano. Zaidi ya nusu ya darasa walianguka.

Alirudi kwa wifi akiwa na karatasi mkononi, akamwambia kwamba walichotengeneza ni mtu wa kuwafanyia watu kazi, na mtu wa namna hiyo hospitalini hayupo. Kisha akaketi, akachukua kalamu. Alikuwa akijaribu kukumbuka kitu ambacho hakuwahi kukiweka kwa maneno: hivi yeye, alipokuwa akivuta kiti na kukaa ubavuni mwa mtu, alikuwa akifanya nini hasa?

Aliandika kwa mkono, pole pole, na wifi akasubiri. Usitoe jibu. Muulize kwanza yeye anaonaje. Akikosea usimwambie amekosea, muulize amefikaje hapo. Usimpe hatua mbili kwa mpigo. Akisema hajui, mwambie ahsante, halafu rudi naye nyuma hatua moja.

Wifi alisoma mstari wa mwisho mara mbili.

"Na wewe, wifi yangu, mtu akikwambia hajui, unamwambia ahsante?"

Bi Nukta alikunja karatasi, akaikunjua.

"Nilikuwa nasema," alijibu. "Walipokuwa ishirini."

Mashine ya pili haikuwafurahisha wanachuo. Walilalamika kuwa ukiiuliza inakuuliza. Lakini haikupita wiki mbili wakaizoea, wakaipa jina, Nukta Mdogo, na Bi Nukta alisikia kwenye korido watu wakisema Nukta Mdogo kanibana leo mpaka nimeelewa. Kila mmoja aliingia kwa namba badala ya jina. Orodha ya majina na namba ilikuwa kwenye droo ya wifi, imefungwa. Bi Nukta aliwaahidi mbele ya darasa kwamba atasoma mazungumzo ili aiboreshe mashine, ila hatajua ni ya nani. Ukurasa wa kwanza ulisema hivyohivyo kwa herufi nene, na wote walibonyeza Nimekubali kama watu wanavyobonyeza kila kitu.

Alizoea kuyasoma asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, akiwa na kikombe cha chai. Mengi yalikuwa ya kawaida. Namba hamsini na mbili alikuwa akiitania mashine. Namba tisa aliomba msamaha kila alipokosea. Ndipo siku moja akafika kwa namba kumi na saba.

Nukta Mdogo alikuwa amemuuliza ipi ni kubwa, 0.5 au 0.25. Namba kumi na saba alijibu kuwa ni 0.25. Mashine, kama ilivyofundishwa, haikumwambia kuwa amekosea. Ilimuuliza amefikaje hapo. Naye akaandika: "Kwa sababu ishirini na tano ni kubwa kuliko tano."

Bi Nukta aliweka kikombe chini. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amegonga ubao juu ya nukta, na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote kwa nini anadhani nukta ipo. Alirudi nyuma, akasoma mazungumzo yote ya namba hiyo tangu mwanzo. Yalikuwa marefu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mtu huyu alikuwa akiuliza mambo ya darasa la nne na la tano, kwa adabu, kwa sentensi fupi, na mara kwa mara aliandika: "Naomba tusiharakishe." Mahali pamoja aliandika kwamba mitihani yote amefaulu kwa kukariri, maana maswali hayabadiliki sana. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: "Usimwambie mwalimu."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla darasa hilo halijaingia wodi ya watoto.

Alikwenda moja kwa moja kwa wifi na kumwomba orodha. Alimweleza kwamba hili si jambo la siri tena, kuna mtu atakayeshika sindano juu ya mtoto mchanga ilhali hajui robo na nusu ipi kubwa. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua ufunguo wa droo na kuuweka mezani katikati yao.

"Ufunguo huo hapo, siuzuii. Lakini ukifungua, Jumatatu uwaambie umefungua. Halafu uone kama kuna mtu atakayeuliza tena kitu."

Bi Nukta aliutazama ufunguo. Alijua wifi ana haki, na alijua yeye mwenyewe ana haki, na haki hizo mbili hazikukaa meza moja. Aliondoka bila kuugusa. Akaamua kwamba atamtambua mtu huyo kwa macho yake, bila orodha, na hapo ndipo alipokosea.

Dirishani, mstari wa nne, alikaa binti mmoja mkimya ambaye sauti yake haikuwahi kufika ubaoni. Alikuwa akitazama chini kila alipoulizwa. Bi Nukta alijiaminisha kuwa ndiye. Alianza kumwita kwa upole usio wa kawaida yake, akipita mezani kwake kila kipindi. Siku ya tatu alimwita ubaoni, akamwandikia desimali mbili na kumuuliza ipi kubwa. Darasa likacheka kidogo, maana swali lilikuwa jepesi mno kwa watu wa mwaka wa pili. Binti alijibu sawasawa, akaeleza na sababu, akarudi kiti chake na uso umemwiva.

Alasiri alibisha hodi ofisini. Alisimama karibu na mlango, akauliza amekosa nini. Alisema wenzake wameanza kumwambia kuwa Mwalimu anamwona mjinga, na yeye hesabu anazijua, hapendi tu kusema mbele za watu. Aliyasema hayo huku amekaza sauti, na ilionekana alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani.

Bi Nukta alisimama. Hakukumbuka mara ya mwisho alipomwomba mwanachuo radhi.

"Nisamehe, mwanangu. Kuna mtu namtafuta, nikadhani ni wewe. Sikuwa na haki ya kudhani."

Binti alikubali kwa kichwa na kuondoka. Bi Nukta alibaki amesimama vilevile. Alimfikiria yule binti, akamfikiria na namba kumi na saba, akaona kwamba katika siku tatu amemwumiza mmoja na bado hajamsaidia mwingine.

Kesho yake hakufundisha. Aliliambia darasa ukweli wote, ila namba hakuitaja. Alisema anasoma mazungumzo kama alivyoahidi, na humo ameona mtu mwenye shida ambayo ni ya hatari kwa wagonjwa. Alisema alijaribu kumbahatisha, akamkosea heshima mwenzao asiyehusika, na hapo akamtazama binti wa dirishani na kumwomba radhi tena mbele ya wote. Halafu akawauliza wanataka mazungumzo yaendelee kusomwa au la. Walijadiliana kwa nusu saa. Baba Darasa, aliyezoea kuongoza mijadala kama hiyo, safari hii alikaa kimya akiandika majina ya waliotaka kusema. Mwishowe waliamua kwamba kuanzia wiki inayofuata mashine isimwonyeshe mwalimu chochote, isipokuwa kile ambacho mwanachuo mwenyewe amechagua kumtumia. Bi Nukta akakubali. Akawaambia pia jambo la pili, na juu ya hilo hakuomba maoni: kabla ya kuingia wodi ya watoto, kila mtu atavuta dawa kwa sirinji mbele yake na mbele ya muuguzi mkuu wa wodi hiyo, na namba za maswali zitakuwa mpya kabisa.

Kwa siku tatu namba kumi na saba hakuandika neno. Ya nne, ikiwa ni siku ya mwisho ya kusomwa, kulikuwa na ujumbe mmoja. Haukuwa wa kuuliza.

"Mwalimu, kama unasoma hapa. Mimi si mvivu. Nilipokuwa mdogo niliuliza swali darasani nikachekwa, nikaona afadhali kukariri. Nimekariri mpaka leo. Wodini huwa namwangalia mwenzangu anavuta mpaka mstari gani, na mimi navuta hapohapo. Naogopa siku nitakayokuwa peke yangu na mtoto wa mtu."

Chini yake Nukta Mdogo alikuwa amejibu, kwa utaratibu wake, kwamba anamshukuru kwa kusema, na kwamba mwalimu anaweza kuyaona maneno hayo siku hiyo. Bi Nukta alikaa na simu mkononi. Alijua kwamba angeweza kumwomba wifi aweke maneno kwenye mdomo wa mashine, maneno ya Bi Nukta kwa sauti ya Nukta Mdogo, na namba kumi na saba asingetambua. Lilikuwa jambo la dakika tano. Aliona kuwa huo ungekuwa uongo wa aina yake, na mtu huyu alikuwa ameishi na uongo wa kutosha. Kipindi kilipoanza alisema tu, akiliangalia darasa zima, kwamba mtu akimwambia hajui, hatamfukuza chuoni. Atampunguzia mwendo, basi. Hakuna uso uliomdokezea ni nani.

Siku ya jaribio waliingia sita sita katika chumba cha mazoezi. Kulikuwa na kitanda kidogo, mtoto wa plastiki amefunikwa shuka, trei yenye sirinji za ukubwa tofauti na vichupa vya maji vilivyoandikwa majina ya dawa. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, alikaa pembeni na kalamu. Binti wa dirishani alipita bila tatizo, akavuta, akasoma kiwango kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. Wengine wakapita, wengine wakaambiwa warudie.

Zamu ya Baba Darasa ilifika karibu na saa sita. Aliingia na kundi lake, akaweka sawa viti vya waliokuwa wakisubiri, kama kawaida yake, kisha akachukua kadi. Kadi ilisema kichupa kina miligramu themanini katika mililita mbili, na mtoto anahitaji miligramu thelathini. Alichukua sirinji. Mikono yake ilikuwa na utulivu wa mtu aliyezoea wodi. Alichoma sindano kwenye kichupa, akaanza kuvuta. Maji yakapanda, yakapita mstari wa kwanza. Aligeuza macho upande wa kushoto, pale ambapo wodini angekuwa amesimama mwenzake. Hapakuwa na mtu.

Aliyarudisha maji yote ndani ya kichupa. Akaiweka sirinji kwenye trei, taratibu, kana kwamba ingeweza kuvunjika.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Namba kumi na saba ni mimi."

Vijana watano waliokuwa wakisubiri walitazama sakafu. Muuguzi mkuu aliinua miwani akaivaa. Wiki zote hizo Bi Nukta alikuwa amemtafuta mtu mkimya, mtu wa pembeni, ilhali anayetafutwa ndiye aliyekuwa akimfungulia mlango kila asubuhi na kumbebea madaftari.

"Ahsante, Baba Darasa," alisema. "Keti hapa, karibu na mimi."

Habari zilifika kwa mkuu wa chuo kabla ya chakula cha mchana. Muuguzi mkuu alisema wazi kwamba mtu huyo hakanyagi wodi yake. Mkuu wa chuo alitaka asimamishwe masomo mara moja, na akauliza, kwa hasira ya mtu anayeogopa, mwanachuo wa namna hiyo amefauluje mitihani mitatu. Bi Nukta alikuwa amelitarajia swali hilo. Alitandaza mezani mitihani yake ya miaka minne. Maswali yalikuwa yaleyale, uzito wa mtoto uleule, vichupa vilevile, mpangilio tu ndio uliokuwa umebadilishwa.

"Nilikuwa nachoka," alisema. "Mitihani yangu ilikuwa inapima kumbukumbu. Yeye kaipita kihalali."

Walizungumza kwa muda mrefu, mlango umefungwa. Mwisho walikubaliana kwamba Baba Darasa abaki chuoni wenzake wakienda wodini, asome upya, na baada ya wiki sita ajaribiwe tena na muuguzi mkuu huyohuyo. Bi Nukta alitoka pale na barua ya onyo ndani ya mkoba, ya kwanza katika kazi yake. Aliona kuwa imemstahili.

Wiki ya kwanza ya masomo hayo ilikuwa ngumu kwa wote wawili. Baba Darasa alikuja na daftari jipya na aibu ya zamani. Kila alipoulizwa alikimbilia kukumbuka badala ya kufikiri, na Bi Nukta kila alipochelewa kujibiwa alikimbilia kueleza. Ilibidi ajishike. Alijikuta akifuata, moja baada ya nyingine, kanuni alizoiandikia mashine, na akagundua kuwa ni rahisi kumwandikia mwingine uvumilivu kuliko kuuishi.

Siku moja, baada ya kuchora mistari na vipande vya keki mpaka ubao ukajaa, alikata tamaa na ubao. Akachukua sirinji ya mililita moja, ile nyembamba yenye mistari mingi midogo, akampa pamoja na kikombe cha maji. Akamwambia avute 0.5. Alivuta mpaka katikati, hilo alikuwa akilijua kwa macho. Akamwambia amimine, avute 0.25. Baba Darasa alitafuta mstari, akaupata, akavuta, akaishikilia sirinji mbele ya dirisha. Maji yalikuwa yamefika nusu ya pale yalipofika mwanzo.

Alimimina. Akavuta tena 0.5. Akamimina. Akavuta 0.25. Akavuta 0.3, bila kuambiwa, akaona imepita 0.25 japokuwa ina tarakimu chache. Alifanya hivyo mara nyingi, na Bi Nukta aliufumba mdomo wake kwa nguvu zote.

"Miaka kumi na minne," alisema hatimaye, "nimezikusanya hizi, nimezihesabu, nimezitupa. Jibu nilikuwa nimelishika mkononi."

Alicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na uchungu ndani yake, na aligeukia dirisha kwa muda. Bi Nukta akajifanya anafuta ubao.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda. Haikuwa mbio, ila yalikwenda. Wiki ya pili walikuja wanachuo wengine wawili, baada ya zamu yao ya wodini, wakasema wamesikia kuna darasa la kuanza mwanzo, wanaomba kukaa nyuma tu wasikilize. Wiki ya tatu walikuwa tisa. Mmoja wao alikuwa na maksi za juu kuliko karibu darasa zima. Bi Nukta hakuwauliza walikuwa wapi siku zote hizo. Alimwambia wifi, na wifi akaingiza jambo jipya katika mashine: mtu akikwama kwenye desimali, Nukta Mdogo amuulize kama ana sirinji karibu, na kama anayo aende akachukue maji.

Wiki ya saba Baba Darasa alivuta dawa tano mbele ya muuguzi mkuu, zote zenye namba ambazo hakuna mtihani uliowahi kuzitaja. Alitumia muda mara tatu ya wenzake. Aliandika kila hatua kwenye karatasi, akaikagua, akamwomba muuguzi mkuu aikague na yeye, kisha ndipo akavuta. Zote zilikuwa sahihi. Akaruhusiwa kuingia wodi ya watoto. Mwezi ulipoisha, muuguzi mkuu alileta malalamiko yake ofisini: mtu wako ni mzito, akipewa dawa moja anajaza ukurasa mzima, na sasa vijana wengine nao wameanza kumwiga. Bi Nukta alimwomba amvumilie hivyo hivyo alivyo mzito. Muuguzi mkuu alivua miwani, akasema hakuja kutaka abadilike, alikuja kusema tu.

Hilo lingetosha kumfurahisha, na kwa siku kadhaa lilimfurahisha kweli. Lakini kadiri mambo yalivyotulia, Bi Nukta alianza kufikiria wale waliokwisha kupita mikononi mwake. Miaka minne ya mitihani ya namna moja. Watu wapatao mia tatu, wakiwa sasa kwenye zahanati na wodi ambazo yeye hajawahi kuziona, wengine wakiwa zamu peke yao. Hakujua wangapi kati yao walikuwa wamekariri. Hakuwa na njia ya kujua, na kumuuliza mtu aliyekwisha kuvaa sare kama anajua desimali ni kumtukana.

Alimweleza wifi wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nje ya chumba cha kompyuta. Wifi hakumfariji. Alimuuliza tu kama wahitimu wana kundi lao la ujumbe kwenye simu. Walikuwa nalo. Basi waliifungua mashine kwa watu wa nje ya chuo, bila majina na bila namba, bila mtu yeyote wa kusoma. Bi Nukta aliandika tangazo mwenyewe, akalifuta mara nne. Lililobaki lilikuwa fupi. Lilisema kwamba mwalimu wao amegundua kuwa kuna jambo hakulifundisha vizuri, kosa ni lake, na kama kuna anayetaka kulipitia tena kuanzia mwanzo, hiki ndicho kiungo, na hapana atakayejua.

Majibu ya kwanza yalikuwa mizaha, picha za watu wanaocheka, mmoja akauliza kama Bi Nukta amestaafu au ameokoka. Halafu kundi likanyamaza. Siku ya tatu wifi alimpigia simu kumwambia kuwa walioingia wamefika themanini na bado wanaongezeka. Bi Nukta hakuuliza ni akina nani. Aliuliza kama mtambo utawahimili, na wifi akasema utawahimili.